Kilo Sitini na Nane

Nachingwea,
14 Septemba 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwanao Rashidy ni mzima, mashaka ni kwenu huko Narung'ombe. Mwamina akusomee polepole, maana safari hii nina habari.

Nimepata kazi. Si kibarua kama kile cha ghala la korosho, hii ni kazi ya barua na saini. Kuna kampuni ndogo imefungua ofisi hapa uwanja wa ndege, inaitwa Shirika la Ndege la Mbwemkuru. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja, na ndege yenyewe ni moja, ya injini mbili, lakini Jumatatu na Ijumaa inakuja bila kukosa. Inatoka Dar es Salaam na magazeti ya siku hiyo hiyo, dawa za hospitali, vipuri vya mashine za kusaga. Wiki iliyopita ilileta vifaranga mia mbili ndani ya maboksi yenye matundu, wakapiga kelele uwanja mzima. Kwa lori wangekufa wote kwenye foleni ya kivuko cha Rufiji. Ikirudi inabeba barua, na mawe ya wachimbaji wa Namungo yanayokwenda kupimwa.

Sasa niko kwenye ndege, baba. Nimepewa shati jeupe lenye bawa jekundu mfukoni. Ndege haiondoki mpaka mimi niseme iondoke. Kapteni Tomasi ananitazama usoni, nikikataa anazima injini.

Nimetuma sabuni na shuka kwa Seleman wa baiskeli. Wasalimie wote.

Mwanao,
Rashidy Saadi Nampota


Narung'ombe,
5 Oktoba 1997

Mwanangu Rashidy,

Mimi baba yako Saadi nasema, dada yako Mwamina anaandika. Shuka imefika. Sabuni imefika, mche mmoja umevunjika njiani, si kitu.

Barua yako nimesomewa mara tatu. Ijumaa baada ya sala nimeitoa mfukoni nikawaonyesha wenzangu. Jumamosi nilikwenda Ruangwa sokoni kuuza ufuta, nimekaa na Mzee Shehe, yule ambaye mwanawe ni karani wa benki Lindi, na kila tukikutana lazima anitajie benki. Safari hii alinyamaza yeye. Watu wote sasa wanajua kwamba mwanangu anarusha ndege. Mtoto wa mkulima wa Narung'ombe! Marehemu mama yenu angekuwapo angecheka mpaka akae chini.

Sasa nina ombi. Siku moja ukipita, pita chini chini hapa kwetu watoto waone. Utatambua nyumba kwa ile mikorosho yangu iliyonyooka mistari, hakuna mwingine mwenye mistari kama ile.

Kula vizuri. Huko juu kuna baridi, vaa sweta.

Baba yako,
Saadi Nampota (dole gumba)

Kaka, hapa chini ni mimi Mwamina, baba hayajui haya. Mimi nilisoma ulivyoandika, neno kwa neno. Hilo la kurusha silo nililosoma. Je, ni kweli unarusha? Nijibu mimi, andika jina langu juu ya bahasha.


Nachingwea,
26 Oktoba 1997

Dada Mwamina,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Sirushi ndege. Mimi ni mpima mizigo. Kuna mizani kubwa ya chuma, kila kitu kinachoingia kwenye ndege kinapita juu yake, mpaka abiria na mkoba wake. Naandika kwenye fomu, najumlisha, nasema kipi kikae mbele na kipi nyuma. Nikikosea, ndege inainua pua vibaya au haiinuki kabisa. Kwa hiyo niliyoandika ni kweli, ndege haiondoki mpaka niseme. Lakini nilipoandika vile nilijua yanavyosikika. Nilitaka yasikike hivyo. Nina miaka ishirini na sita, dada, na hiyo ni barua ya kwanza niliyomwandikia baba bila kuomba kitu.

Usimwambie kwanza. Idi nitakuja mwenyewe nimweleze ana kwa ana, tukiwa tunakula, atacheka yaishe. Kuhusu kupita chini chini, mwambie njia ya ndege yetu ni ya Lindi, haipiti huko.

Kaka yako,
Rashidy


Narung'ombe,
18 Januari 1998

Mwanangu Rashidy,

Ramadhani karimu. Barua hii anaibeba Seleman, baiskeli kaibeba kichwani kuvuka mto, ndiyo maana imelowa.

Mvua umeiona mwenyewe. Huku kwetu tangu Desemba haijanyamaza. Daraja limekwenda, lori la mwisho kutoka Ruangwa tumeliona kabla ya Ramadhani. Dukani hakuna chumvi, hakuna mafuta ya taa. Tunakula mlenda bila chumvi mwezi wa mfungo. Zahanati wamebakiwa na kadi za kliniki tu, dawa hakuna, na watoto wanaharisha. Wiki hii tumezika wawili.

Basi wazee tumekaa. Mzee Shehe, aliyekuja kwa mkwewe mvua ikamfungia huku, ndiye aliyesimama akasema: "Tunahangaika nini? Rubani ni mtoto wetu. Tumtengenezee pa kukanyaga." Watu wote wakanigeukia mimi.

Mahali tambarare palipoinuka, maji yasipotuama, ni pale tu penye shamba langu la mikorosho. Nimelitoa. Tulianza Jumatatu. Vijana wanakata, wanawake wanabeba matawi, na wote tumefunga. Mikorosho kumi na saba iko chini. Ni ile niliyopanda na mama yenu mwaka wa kuhamia vijijini, lakini mti ni mti na mtoto ni mtoto.

Sema siku gani utakuja. Lete chumvi, dawa ya kuharisha, mafuta ya taa. Ukirudi unaweza kuchukua ufuta wetu wote, magunia mia moja na kitu.

Baba yako,
Saadi Nampota (dole gumba)

Kaka, sikuweza kuwazuia. Ningewazuia kwa kusema nini? Siku mti wa kwanza unaanguka baba alisimama kando, akasema "endeleeni", akaingia ndani. Idi inakaribia na wewe huwezi kuvuka. Andika ukweli sasa hivi. Andika!


Nachingwea,
27 Januari 1998

Baba yangu,

Shikamoo. Mwamina, msomee baba barua hii yote, usiruke mstari.

Baba, mimi si rubani. Sijawahi kuwa rubani. Kazi yangu ni kupima mizigo. Nasimama chini na mizani, ndege inaondoka na mimi nabaki uwanjani na vumbi lake. Katika miezi minne nimepanda mara moja, imesimama, kufagia.

Barua ya kwanza niliiandika kwa namna ya kujikweza. Uliponielewa vingine nikanyamaza, nikasema nitakueleza Idi. Nilikuwa naona ni jambo la kuchekea. Sikujua kama lingefika kwenye mikorosho ya mama.

Na jambo jingine ni la kazi yangu, kwa hiyo hili nalijua vizuri. Ndege yetu inabeba kilo mia nane, basi. Ufuta wenu ungehitaji safari kumi na zaidi. Ndege si lori, baba. Thamani yake ni kwa kitu chepesi kinachohitajika haraka. Wala haiwezi kushuka popote penye uwazi, uwanja una vipimo vyake.

Simamisheni kukata. Nitaongea na Kapteni Tomasi na meneja wetu, Bwana Davis, lakini siwezi kuahidi. Kuahidi kumeshanitosha.

Nisamehe.

Rashidy


Narung'ombe,
6 Februari 1998

Kaka Rashidy,

Nimeshindwa.

Barua ilifika siku ya pili ya Idi, ukumbi wetu umejaa watu. Seleman akaitoa mbele yao wote. Baba akasema, "Soma kwa sauti." Nikaifungua, nikaona "mimi si rubani", na Mzee Shehe yupo mbele yangu na kikombe chake. Mdomo ukasoma mambo yake mwenyewe. Nikasema ndege iko kwenye matengenezo, subirini, na mnaendelea vizuri. Wakapiga makofi. Kesho yake wakarudi uwanjani na majembe.

Baba aliichukua barua akaiweka chini ya mto. Alikuwa ananitazama. Anasema, "Karatasi mbili zimejaa pande zote, na wewe umesoma maneno ya kutosha kiganja."

Sikulaumu wewe tu tena, sasa tuko wawili.

Mwamina


Narung'ombe,
15 Februari 1998

Rashidy,

Barua hii inaandikwa na Mwalimu Justa wa shule yetu ya msingi, yule aliyetoka Mbinga. Si kwamba Mwamina anaumwa. Binti yangu anasoma yasiyoandikwa, kwa hiyo nimebadili msomaji.

Nilimpelekea mwalimu karatasi zako nikamwambia, "Soma kama unavyosoma mtihani, usinionee huruma." Akasoma. Alipomaliza akaniuliza kama nataka maji. Nikamwambia arudie.

Umeniaibisha. Nataka ulisikie hilo kwanza. Nimetembea soko la Ruangwa lote nikiitwa baba rubani, na nikiitika. Umeniacha niitike miezi minne. Na dada yako umemtia mdomoni uongo ambao hakuwa nao.

Jana niliwakusanya watu uwanjani nikawaambia mwenyewe. Nikasema: "Mwanangu ni mpima mizigo. Hakuna rubani wa kwetu." Kuna aliyetupa shoka. Mzee Shehe akauliza, "Sasa hii miti?" Nikamjibu miti ni yangu. Akatafuna mdomo, kisha akasema, "Hata rubani wa watu anahitaji pa kukanyaga." Wengine wakaenda zao, lakini kumi na wanane walibaki na tukang'oa visiki mpaka adhuhuri.

Mikorosho haisimami tena. Kwa hiyo usiniandikie habari za kusamehe. Niandikie vipimo. Rubani wa kweli anataka uwanja wa urefu gani, upana gani, wa namna gani? Hilo la kupima si ndiyo kazi yako?

Saadi Nampota (dole gumba)

Nami Justa naongeza: nimeandika alivyosema, hata pale ambapo ningelainisha. Mtoto wa tatu amefariki leo, alikuwa darasa la kwanza.


Nachingwea,
22 Februari 1998

Baba,

Shikamoo. Kama ulivyoagiza, vipimo ni hivi. Nimevichukua kwa Kapteni Tomasi neno kwa neno.

Urefu ni hatua mia saba za mtu mzima, upana hatua ishirini na tano. Visiki ving'olewe na mizizi yake, mashimo yajazwe udongo na kushindiliwa, kukanyaga kwa miguu hakutoshi, tumieni magogo. Vichuguu vyote visawazishwe. Kila upande mfereji wa maji. Mwishoni kusiwe na mti mrefu. Kapteni anasema uwanja mnaujaribu hivi: mtu apande baiskeli, aikimbize kwa nguvu zote toka ncha hadi ncha, mkono mmoja ukiwa hewani. Akianguka, bado. Seleman atafaa.

Nilikwenda na barua ya Mwalimu Justa kwa watu wa afya wa wilaya. Nimerudi siku nne mfululizo. Nilikuwa na maneno mengi, lakini lililowainua ni ule mstari wa mwisho aliouongeza mwalimu. Wamekubali kukodi ndege safari moja.

Jumanne tarehe 10 Machi, saa nne asubuhi, Kapteni atapita juu kuangalia. Tandikeni shuka nyeupe ncha zote mbili. Akitikisa mabawa, ameukubali, na atashuka Alhamisi ya wiki inayofuata. Asipotikisa, msimlaumu.

Bwana Davis amesema katika safari hiyo nami nitapanda, ili nipime watakaorudi. Tutaonana, inshallah.

Rashidy


Narung'ombe, uwanjani,
19 Machi 1998

Rashidy,

Mwalimu Justa anaandika haraka, karatasi kaiweka juu ya boksi la dawa. Kapteni kasema ana saa moja tu, mawingu yanakuja.

Nianze na ile Jumanne. Tulitandika shuka, moja ni ile uliyonitumia. Ndege ikaja, ikazunguka mara ya kwanza kimya, mara ya pili ikashuka mpaka tukaona matairi, kisha ikatikisa mabawa. Watoto walikimbia nayo mpaka wakaishiwa uwanja. Mimi nilibaki nimesimama na fimbo yangu. Sijui kama nilipumua.

Leo imeshuka. Ilitimua tope, ikaruka kidogo mahali pale ambapo kulikuwa na mkorosho wa tisa, nikafumba macho, nilipofumbua imesimama. Mlango ukafunguka. Akatoka Kapteni. Tukangoja atoke mwingine. Nilikuwa nimevaa kanzu ya Idi.

Nikamuuliza, "Mwanangu yuko wapi?"

Akasema, "Ameshuka, mzee."

"Kashukia wapi?"

"Nachingwea. Kabla hatujaondoka."

Nikadhani umeona haya kunitazama. Nilisema neno baya, mwalimu hataki kuliandika. Kapteni akanishika mkono akanipeleka kando, akanieleza. Kwamba uwanja wetu ni mfupi, siku ya kwanza hawezi kubeba mia nane, anabeba mia nne. Kwamba ulipima dawa, maji ya kutundika, chumvi, ukajumlisha, ikawa mia nne kasoro mbili. Halafu ukapanda wewe kwenye mizani, na sindano ikasimama sitini na nane. Meneja akasema teremsheni gunia la chumvi na maboksi mawili ya maji, huyu akamwone baba yake. Vijana wakaanza kuteremsha. Ukawatazama, ukawaambia rudisheni. Ukavua kofia yako ya kazi, ukampa Kapteni karatasi ya hesabu, ukamwambia, "Imetimia, ondoka." Kapteni anasema miaka kumi na tisa anarusha, hajaona mpima mizigo akijiteremsha mwenyewe.

Nikaenda nikasimama karibu na lile gunia.

Mzee Shehe kajaribu kulinyanyua, likamshinda, akasema, "Huyu Rashidy mzito." Watu wakacheka, nami nikacheka, machozi yakatoka humo humo. Sasa kila mtu anakuja na bakuli kuomba Rashidy kidogo.

Anayerudi na Kapteni ni mama mmoja na mwanawe aliyekauka midomo, mganga wa zahanati kamwandikia hospitali. Mimi Kapteni kaniambia nafasi ipo, nipande nikakuone. Nimekataa. Nikipanda nitakuwa mzigo, na wewe si unajua zaidi.

Kapteni anapiga kelele. Mwalimu anasema nimalize.

Baba yako


Nachingwea,
30 Juni 1998

Dada Mwamina,

Najua unangoja habari za baba. Amefika salama na jana ameondoka na Seleman, atakuwa kwenu Alhamisi. Lakini kuna mambo hatakueleza, kwa hiyo nayaandika.

Alifika uwanjani Ijumaa bila kuniarifu, miguu imejaa vumbi, kanzu kaifunga ndani ya mfuko. Nilikuwa katikati ya kazi. Nikataka kuacha, akanionyesha kwa fimbo niendelee. Akakaa juu ya kreti tupu la soda tangu saa tatu mpaka ndege inaondoka, anatazama mizani tu. Kila nilipoandika namba, alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayeielewa.

Kuna mfanyabiashara wa madini anaitwa Selestini, ana mashimo Namungo. Alileta mashine ya kuvuta maji iende kutengenezwa Dar es Salaam. Ndege ilikuwa imejaa. Nikamwambia mashine itasafiri Jumatatu. Akaja juu.

"Unajua mimi ni nani?"

"Namjua mwenye mashine. Mashine ina kilo mia na kumi."

"Wewe ni mpima mizigo tu! Rubani akikubali wewe unakataa kama nani?"

Kapteni Tomasi aliendelea kukagua tairi. Nikaona baba anainuka. Nikaogopa, unamjua akiinuka. Akaja mpaka mbele ya Selestini, akamwamkia vizuri, akamwambia, "Bwana, nilikuwa namsikiliza huyu bwana mdogo tangu asubuhi. Kamkatalia na askari. Kamkatalia na padri, kwa kilo nne. Hata baba yake mzazi alimkatalia, kwa kilo sitini na nane. Wewe rudi Jumatatu." Selestini akamtazama, akatazama watu wanavyocheka, akaita vijana wake wakapakia mashine kwenye gari. Sijui kama alifahamu kwamba baba mzazi ndiye huyo huyo.

Ndege ilipoondoka tukabaki wawili. Akaniuliza, "Hii inapima na mtu?" Nikamwambia apande. Akavua makubazi, akaweka fimbo chini, akapanda akasimama wima kama anapigwa picha.

Kilo arobaini na saba.

Nikadhani mizani imekosea, nikairudisha sifuri nikapima tena. Mwamina, mimi napima watu kila wiki. Wanafunzi wa kike wa sekondari wanazidi hapo. Nikamuuliza, "Baba, unakula?" Akasema anakula. Nikamuuliza mara ngapi. Akasema, "Uzee unapunguza." Akashuka akavaa makubazi.

Usiku sikulala. Mikorosho ile ndiyo ilikuwa chakula chenu cha mwaka, nami nimekuwa nikiiandika kwenye barua kana kwamba ni miti tu. Niambie ukweli mnaishije. Nimekwisha kuandika barua ya kuacha kazi, iko kwenye droo. Mvua za kwanza zikinyesha nataka niwe huko na jembe. Usimsomee.

Kaka yako,
Rashidy


Narung'ombe,
12 Agosti 1998

Mwanangu Rashidy,

Shuleni kumetulia, watoto wamekwenda kuchota maji, kwa hiyo mimi na Mwalimu Justa tumepata nafasi. Mwamina amenisomea barua yako yote, hata pale ulipoandika asinisomee. Tangu Februari amekuwa mkali kwa karatasi, anasoma hata tarehe. Anakwambia yeye mwenyewe ndiye aliyekataa kukufichia, na usimkasirikie.

Tunaishi. Mwaka huu ni mgumu, sikatai. Muhogo upo, mbaazi zipo, na Mzee Shehe ameleta kuku watatu bila kusema kwa nini. Nilikuwa nakula mara moja ili watoto wa Mwamina wale mara mbili. Sasa tunakula wote mara mbili, Mwamina kanisimamia kama askari. Hilo limekwisha.

Kazi usiache. Ukija na jembe utalima ekari mbili kama mimi, na kilo zangu hazitaongezeka kwa kukutazama unalima. Ile barua iliyo kwenye droo ichane.

Lakini nilichotaka kusema si hicho. Nimekizungusha tangu Juni. Nilipanga nikwambie pale kwenye mizani nikashindwa, ndiyo maana nimekuja kwa mwalimu.

Nilikuandikia kwa ukali kwamba umeniaibisha. Sasa sikiliza. Siku ile ya barua ya kwanza, Mwamina alisoma sawasawa. Alisoma "niko kwenye ndege". Sikusikia rubani. Nilijua kwenye ndege kuna kazi nyingi, kama kwenye lori kuna dereva na kuna utingo. Nikaenda Ruangwa, Mzee Shehe akaanza benki yake, nikamwambia wangu yuko kwenye ndege. Akaniuliza, "Ndiye anayeirusha?" Nikanyamaza. Nikamwagizia chai. Kesho yake mtu wa tatu ananiita baba rubani na mimi nimeitika. Nilipokuandikia kwamba unarusha, nilikuwa nangoja wewe unirekebishe. Hukunirekebisha, nikajiambia basi huenda ni kweli. Yaani wewe ulinyamaza na mimi nikanyamaza, kila mmoja anamngoja mwenzake, mpaka shoka likaingia shambani.

Kwa hiyo mikorosho niliikata mimi. Si barua yako. Nimemwambia na Mzee Shehe haya haya. Akasema alijua, kwa sababu chai siku zote analipa yeye.

Habari za uwanja: watu wa afya wanaleta chanjo kila Jumatano ya pili mpaka daraja lijengwe. Kijiji kimenichagua kuwa msimamizi. Nafukuza mbuzi, nafyeka nyasi, natandika shuka. Kapteni kaniahidi kitambaa cha kuonyesha upepo. Wazee wengine wanataka tupande ufuta katikati ndege zikikoma. Nimewaambia watanikuta

Ndugu Rashidy,

Mimi ni Mwalimu Justa. Mzee amesikia injini katikati ya sentensi, ameondoka mbio na fimbo yake kabla hajaweka dole gumba, na viatu kaviacha hapa mlangoni. Ninaifunga barua ilivyo ili Kapteni aondoke nayo leo. Namwona kwa dirishani, ameshafika uwanjani, anawapungia watu wote warudi nyuma.